Waandishi Walio Waalimu: Wanaandika Saa Gani?

Tangu numero iliyopita tumekuta vikartasi vingi katika sanduku la maulizo. Vingi ni juu ya mupira na chakula cha internati. Hivyo vitajibiwa pahali pake. Lakini vitatu vinagusa jambo moja. Wa kwanza anauliza kama mtu anaweza kujifunza darasani namna ya kutunga kitabu, ao ni kipawa cha kuzaliwa nacho tu. Wa pili anasema yeye anapenda sana kuandika, lakini baba yake anataka aingie sehemu ya ualimu, naye anaogopa kama kazi hiyo itaua maandiko yake. Wa tatu ameandika kwa kifupi: «Waandishi wanakula nini?»

Tumeona heri kuwajibu wote watatu pamoja, sababu maulizo yao yanashikana. Na hatutaki kujibu kwa maneno ya kupendeza masikio. Tutatazama waandishi wenyewe, majina yao na miaka yao, tuone walifanya kazi gani mchana na waliandika saa gani.

Tuanze na feza. Mwenye kuchapisha kitabu hampi mwandishi bei yote. Mara nyingi fungu la mwandishi ni karibu 10 juu ya kila 100, pengine chini ya hapo. Sasa chukua biki, tuhesabu. Kitabu kinauzwa dolare 10, mwandishi anapata dolare 1. Watu 3.000 wanakinunua (tena 3.000 si wachache, waandishi wengi hawawafikii), anapata dolare 3.000. Kama alikaa miaka mitatu kukiandika, hiyo ni dolare 1.000 kwa mwaka. Haifiki dolare 3 kwa siku. Hapo ndani atoe kodi ya nyumba, chakula na feza ya masomo ya watoto. Haiwezekani. Kwa hiyo mwandishi anatafuta kazi ingine. Wamoja walikuwa waganga, wamoja makarani, lakini wengi sana wameingia kazi ya ualimu. Na huko Marekani kulianza jambo la ajabu kidogo: universite zilianza kuwalipa waandishi kusudi wafundishe kuandika kwenyewe.

Mji unaojulikana kupita yote kwa jambo hili ni Iowa City, katika jimbo la Iowa, inchi ya mahindi na nguruwe. Mwaka wa 1922 universite ya pale ilikubali ya kwamba mwanafunzi anaweza kupewa diplome ya juu kwa kuleta hadisi ao mashairi aliyotunga mwenyewe, pahali pa kitabu cha utafiti. Mwaka wa 1936 Wilbur Schramm alianzisha pale atelie ya waandishi. Ndiyo, waliiita atelie, sawa ya fundi seremala. Kisha Paul Engle, mtunga mashairi, aliiongoza tangu 1941 mpaka 1965.

Msifikiri ni majumba makubwa. Baada ya vita ya 1939-1945 askari wengi walirudi kusoma, na pahali palikosekana. Atelie ilikutana ndani ya vibanda vya mabati vilivyofanana na vya jeshi, kando ya mto. Mwanafunzi alitoa hadisi yake mbele ya siku, ikapigwa ku stensili sawa vile gazeti letu hili, kila mmoja akapewa nakala yake ya kusoma. Siku ya kukutana wanakaa wote pamoja na mwalimu, hawakuwa wengi. Wanasema: hapa nilichoka, mtu huyu hana uhai, neno hili limewekwa bure tu. Na mwenye hadisi eko pale, anasikiliza, ananyamaza. Hana ruhusa ya kujitetea.

Kwa mawazo yetu kule kunyamaza ndiko somo lenyewe. Ku masomo yetu, mwalimu anaporudisha redaksio, tunaruka mara moja: «Mwalimu, mimi nilitaka kusema hivi na hivi!» Lakini kitabu kikinunuliwa Kolwezi ao Kamina kinakwenda peke yake. Mwandishi hawezi kukifuata ku nyumba ya kila msomaji kumweleza alitaka kusema nini. Kama haikuandikwa, haiko.

Je, basi kuandika kunafundishwa? Wenyewe wa Iowa hawajisifu. Wanasema ya kwamba kuandika hakufundishwi, lakini kipawa kinaweza kukomazwa. Tazameni Flannery O'Connor. Alifika kule mwaka wa 1945, msichana wa miaka 20, kutoka Georgia, upande wa kusini wa Marekani. Alikuwa amekuja kwa masomo ya magazeti. Akaingia ku biro ya Engle, akasema neno, na Engle hakusikia kitu: matamko ya watu wa kusini yalimshinda. Akamwomba aliandike. Yeye akaandika jina lake, ya kuwa yeye si mtu wa magazeti, tena kama angeweza kuingia katika atelie. Engle akasoma hadisi zake, akaona mara moja ni mtu wa namna gani. Mwaka wa 1947 alipata diplome yake kwa hadisi fupi 6.

Miaka michache kisha, ugonjwa uliomwua baba yake ukamshika naye. Akarudi kukaa na mama yake ku shamba karibu na mji wa Milledgeville, akafuga tausi, na akaandika kila asubuhi saa chache tu, kwani nguvu hazikuruhusu zaidi. Saa zile hakuna mtu wa kuzigusa. Hakuwa mwalimu wa darasa, lakini alizunguka koleji mbalimbali, akitembea kwa magongo, kutoa hotuba juu ya kuandika, sababu hotuba zilileta feza. Watu walimwuliza kama universite haziwazimi waandishi. Alijibu ya kwamba kwa kuona kwake haziwazimi wa kutosha! Alikufa mwaka wa 1964 akiwa na miaka 39.

Sasa Raymond Carver, na huyu tutakaa naye, sababu maisha yake yanafanana na ya watu wetu wengi. Alizaliwa mwaka wa 1938. Baba yake alifanya kazi ku mashini za kupasua mbao. Alioa akiwa na miaka 19, na alipofika 20 alikuwa na watoto wawili. Yeye na bibi yake walifanya kila kazi iliyopatikana. Mwaka wa 1959 aliingia darasa la kutunga ku koleji ya Chico, katika California. Mwalimu alikuwa John Gardner, kijana wa miaka 26, ambaye yeye mwenyewe hakuwa ametoa kitabu hata kimoja. Maandiko yake yalijaa ndani ya masanduku ku biro yake, hakuna mtu wa kuyachapisha.

Carver alikosa pahali pa kuandika. Nyumbani watoto wanalia. Gardner alipojua, akampa ufunguo wa biro yake. Basi siku ya posho na siku ya yenga Carver anaingia mle, anafunga mlango, anaandika. Kisha wanakaa wawili juu ya hadisi yake, neno kwa neno. Neno moja Gardner analifuta kabisa, hakuna kubishana. Lingine analitia katika vifungo, na juu ya hilo mnaweza kubishana. Hadisi moja ilirudishwa mara nyingi, pengine mara 10. Carver alikumbuka mambo haya mpaka mwisho wa maisha yake, na aliyaandika baada ya Gardner kufa mwaka wa 1982. Kipawa hakikutoka kwa mwalimu. Kutoka kwa mwalimu alipata ufunguo, tena jicho la kuona neno baya.

Baada ya hapo haikuwa rahisi. Katikati ya miaka ya 1960 Carver alikuwa mfagiaji wa usiku ku hospitali moja ya Sacramento. Alieleza baadaye sababu gani alitunga hadisi fupi na mashairi, si hadisi ndefu: alihitaji kitu anachoweza kumaliza upesi, mbele ya kuitwa na watoto ao na kazi. Wenye kusoma vitabu vyake wanasifu ufupi ule kama ufundi mkubwa, na ni kweli. Lakini ulianza kwa kukosa saa.

Na hapa iko jambo ambalo wadogo zetu wanaopenda kusema «nikipata nafasi nitaandika» walisome mara mbili. Mwaka wa 1973 Carver aliitwa kufundisha Iowa kwenyewe, pamoja na mwandishi mkubwa John Cheever. Kazi ilikuwa nyepesi, mshahara ulikuwa pale, nafasi ilikuwa pale. Na kwa ushuhuda wa Carver mwenyewe, muda ule wote wawili walikunywa pombe tu. Mashini zao za kuandika hazikufunuliwa. Ku hospitali, na fagio mkononi, aliandika. Ku universite, na siku nzima yake, hakuandika. Wote wawili waliacha pombe baadaye, Cheever mwaka wa 1975, Carver tarehe 2 mwezi wa 6 mwaka wa 1977. Kisha Carver alifundisha ku universite ya Syracuse tangu 1980, akaandika hadisi ambazo wengi wanaziona kuwa bora kupita zote zake. Mwaka wa 1983 alipewa zawadi ya dolare 35.000 kila mwaka kwa miaka 5, na sharti moja: asifanye kazi ingine ya mshahara. Aliacha ualimu. Alikufa mwaka wa 1988, miaka 50.

Mtu wa namna ingine ni Toni Morrison, Mmarekani mweusi, aliyezaliwa mwaka wa 1931 katika mji wa Lorain, Ohio. Tangu 1957 mpaka 1964 alifundisha ku universite ya Howard, universite ya watu weusi katika Washington. Pale aliingia kikundi kidogo cha watu waliokutana kusomeana maandiko yao. Sheria ilikuwa kila mtu alete kitu. Alipokosa kitu cha zamani cha kuleta, alitunga upesi hadisi fupi ya mtoto mwanamke mweusi aliyeomba apewe macho ya bluu. Baada ya hapo aliachana na bwana yake, akabaki na watoto wawili wanaume, akapata kazi ya kutayarisha vitabu vya watu wengine ku nyumba ya uchapaji. Hadisi ile hakuitupa. Aliirefusha asubuhi sana, mbele ya jua, mbele ya watoto kuamka. Ilitoka kama kitabu mwaka wa 1970, *The Bluest Eye*. Alikuwa na miaka 39. Mwaka wa 1989 aliitwa kufundisha Princeton, na mwaka wa 1993 akapewa Zawadi ya Nobel. Alikufa mwaka wa 2019. Lakini mama huyu tunamtaja juu ya kile kikundi cha Howard. Kama sheria isingemlazimisha kuleta kitu, pengine ile hadisi isingeandikwa.

Uingereza walifuata nyuma. Universite moja ya mji wa Norwich ilianza darasa la kutunga mwaka wa 1970, na mwaka ule wa kwanza mwanafunzi alikuwa mmoja tu, Ian McEwan. Mwaka wa 1979 aliingia Kazuo Ishiguro, ambaye alipata Nobel mwaka wa 2017. Na mtu wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel mwaka wa 2021, alikuwa profesa ku universite ya Kent mpaka kupumzika mwaka wa 2017. Yeye hakuwa wa darasa la kutunga hata kidogo: kazi yake ilikuwa kufundisha vitabu vya wengine. Hadisi ndefu zake 10 za mbele ya Nobel aliziandika pembeni ya kazi ile na baada yake, na mpaka siku ya Nobel watu wengi hawakujua jina lake.

Katika Kiswahili chenyewe tuko na Euphrase Kezilahabi wa kisiwa cha Ukerewe, aliyezaliwa mwaka wa 1944. Alifundisha sekondari, kisha universite ya Dar es Salaam, kisha Botswana, na alikufa mwaka wa 2020. Tangu 1971 mpaka 1979 alitoa hadisi ndefu 4 na kitabu cha mashairi, akiwa mwalimu, tena akiwa mwanafunzi wa diplome ya juu. Ya kwanza, *Rosa Mistika*, ilikatazwa katika masomo ya Tanzania kwa muda. Mwalimu ambaye kitabu chake hakiruhusiwi darasani mwake!

Na kwetu? Mtu asiseme ya kwamba mambo haya ni ya Wazungu na Wamarekani. Mwaka wa 1964, ku universite ya Lovanium katika Kinshasa, Clémentine Nzuji, msichana wa miaka 20, alianzisha kikundi cha wanafunzi watunga mashairi kilichoitwa Pléiade du Congo. Yeye naye akawa profesa. Mwaka wa 1971 universite za inchi ziliunganishwa, na masomo ya lugha na vitabu yakahamia Lubumbashi. Pale Lubumbashi V. Y. Mudimbe, mwana wa Likasi, alifundisha, akaongoza kazi za universite, na miaka ileile akatoa hadisi ndefu tatu: 1973, 1976, 1979. Mwaka wa 1980 aliacha inchi, akafundisha Marekani mpaka uzee. Alikufa mwaka wa 2025. Profesa mwenzake wa pale, Georges Ngal, mwaka wa 1975 alitoa kitabu *Giambatista Viko*, na mtu mkubwa wa kitabu kile ni nani? Ni profesa wa Kiafrika mwenye kutaka kuandika kitabu cha ajabu, anakizungumza usiku na mchana, na kukiandika kunamshinda. Wenye kuchagua sehemu ya vitabu watafute kile. Watacheka, kisha watajiona. Na hata leo mwana wa Lubumbashi, Fiston Mwanza Mujila, mwenye kutunga *Tram 83* ya 2014, anakaa Graz, katika Austria, ambapo amefundisha vitabu vya Afrika ku universite.

Sasa tusidanganyane. Profesa wa Iowa anakutana na watu wazima wachache, mara moja ao mbili kwa juma. Mwalimu wa kwetu anaingia darasa la watoto 60 na zaidi, na tangu masomo ya primeri yalipotangazwa kuwa ya bure mwaka wa 2019 madarasa mengi yamejaa kupita mbele. Akitoka anakwenda ku shamba. Usiku anakorije interogasio, na mara nyingi umeme haupo. Mtu akisema ni kazi moja, anasema uongo. Tena iko hatari ingine isiyo ya saa: baada ya kusoma redaksio 60 zenye makosa yaleyale, kichwa kinajaa maneno ya wengine, na ya kwako hayatoki. Ndiyo sababu tunaona waliofaulu wengi waliandika mbele ya kazi. Jua la asubuhi halikatwi na kampuni yoyote.

Kwa ndugu wa kikartasi cha pili: baba yako hakukosa, yeye anafikiri juu ya chakula chako, na tumeona hesabu ya dolare 3. Lakini wewe naye hukukosa kuogopa. Hesabu ingine ni hii: nusu ukurasa kwa siku, siku 5 kwa juma, majuma 40 kwa mwaka, ni kurasa 100. Ku mwaka wa pili uko na kitabu. Jambo la kuuliza mbele ya kuingia sehemu ya ualimu ni moja: nusu ukurasa huo nitauandika saa gani, na ni nani atakayenizuia? Kama huwezi kutaja saa, hata sehemu ingine yoyote haitakupa.

Na kwa ufunguo wa Gardner na kikundi cha Howard hatuhitaji kungoja universite. Tumeomba, na tumepewa darasa la mwaka wa sita kila siku ya posho baada ya kufagia. Sheria ni hizi. Kila anayeingia alete kitu, hata wenye kutaka kusikiliza tu. Maandiko yasipite kurasa mbili za kaye, kwa Kiswahili ao Kifaransa. Yatasomwa na mtu mwingine, si mwenyewe. Wengine watasema mahali walipochoka na mahali walipotaka kuendelea. Hakuna kucheka mtu, hakuna kusema «ni nzuri» bila kuonyesha neno gani ni zuri. Mwenye maandiko atanyamaza mpaka mwisho, kisha atasema asante, arudi kuyaandika tena. Mara ya pili tutayasoma vilevile.

Mbele ya kuja, jibu maulizo haya mawili ndani ya kaye yako. Sababu gani Carver aliandika akiwa mfagiaji, na hakuandika akiwa mwalimu wa Iowa? Na kama ungekuwa Gardner, ufunguo ule ungempa mwanafunzi gani wa darasa lako?

Maandiko ya mara ya kwanza yawekwe katika sanduku la maulizo mbele ya siku ya ine jioni. Jina liandikwe nyuma ya kartasi, si mbele.